Mita Sitini za Nyamisati

“Tusubiri kwanza,” nahodha aliniambia. “Mto bado haujarudi.”

Alikuwa amekalia dumu tupu la mafuta, miguu imezama kwenye tope hadi vifundoni, na boti yake imelala ubavu kama ng’ombe aliyeshiba. Maji yalikuwa yamekimbilia mbali, yakaacha uwanja wa matope unaong’aa, kaa wakitoka mashimoni na kurudi. Hapa Nyamisati, ukingo wa kaskazini wa delta ya Rufiji, bahari hupanda na kushuka mita tatu hadi nne siku za bamvua. Anayetaka kwenda Salale au Kiomboni hupangiwa safari na mwezi, na akilazimisha atakesha juu ya fungu la tope akisikiliza mbu.

Pembeni yetu lilikuwa gati jipya, ambalo watu wa kisiwa cha Mafia waliliomba kwa miaka mingi. Nyuma yake mikoko, mbele yake mikoko, na ng’ambo ya mkono wa mto mikoko tena. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nikaokota kijiti, nikakichomeka palipoishia maji, nikageuka kuelekea nchi kavu nikihesabu hatua. Sitini. Zilinifikisha kando ya meza ya mama aliyekuwa akipanga kambamiti wakavu mafungu mafungu.

“Unapima kiwanja?” akaniuliza.

“Napima sheria, mama.”

Akacheka, akaendelea na mafungu yake. Lakini nilikuwa nasema kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari au ukingoni mwa mto. Gati nalo haliwezi kujengwa mita 60 kutoka majini; likijengwa huko litakuwa baraza. Ndiyo maana kila anayetaka kujenga gati, kulirefusha au kuliongezea kina katika nchi kama hii lazima apite kwenye mlango mwembamba wa vibali. Na ndiyo maana mjini, kwenye vikao vya wafanyabiashara, husikii likitajwa neno “tathmini ya mazingira” bila mtu kuvuta pumzi. Karatasi za wazungu, husema mmoja. Zimekuja kutuchelewesha, husema mwingine.

Nilikwenda deltani kuitafuta asili ya karatasi hiyo. Nilitaka kuifuata njia ya zamani ya shehena, kutoka Nyamisati hadi Salale, nione ni nani aliyewahi kuomba ruhusa humu, aliiomba kwa nani, na aliulizwa nini.

Maji yalirudi baada ya adhuhuri. Yalikuja bila kishindo, yakaanza kuijaza mifereji midogo, kisha boti ikatikisika, ikainuka. Nahodha akashika upondo, akatusukuma hadi kwenye kina, ndipo akavuta kamba ya mashine.

Mtu akiingia delta kwa mara ya kwanza hudhani amepotea. Mto Rufiji hukusanya maji ya bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000, na ukikaribia bahari hugawanyika kama vidole: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na midogo isiyohesabika. Kati ya vidole hivyo umesimama msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mgeni huona kijani kimoja tu. Nahodha alinitajia kwa majina kama anayetambulisha ukoo: mkoko wenyewe na miguu yake ya buibui, msindi ulionyooka, mkandaa, mchu unaonyoosha vidole vya kupumulia kutoka topeni, mkomafi, na mlilana unaotangulia mbele kabisa kukabili chumvi.

Watu wamekuwa wakitia nanga humu tangu zamani sana. Mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza waliandika juu ya bandari iliyoitwa Rhapta, ya mwisho katika pwani waliyoijua, na jina lake linatokana na neno lao la kushona, kwa sababu mashua za wenyeji zilishonwa kwa kamba. Hadi leo wataalamu wanabishana ilikuwa wapi. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameitafuta kwa miaka mingi upande huu wa Rufiji, ambako amechimbua ushanga wa kioo uliotoka ng’ambo ya bahari. Kama Rhapta ilikuwa hapa, basi delta hii imekuwa na bandari kabla Kiswahili hakijapata jina.

Shehena yenyewe kwa karne nyingi ilikuwa mti. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani hii. Mti wa mkoko hauliwi na mchwa kirahisi, ni mgumu na umenyooka. Ukiingia nyumba ya mawe Unguja au Lamu ukashangaa kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, jibu liko juu ya kichwa chako. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, yaani mita mbili na nusu hadi tatu hivi, maana hapo ndipo mti unapochoka kubeba dari la mawe na chokaa. Kuwait na Bahrain boriti hizo ziliitwa chandal, na mpaka leo majumba yao ya kale yamelalia miti iliyokatwa huku. Msanifu wa majumba yote hayo alikuwa msitu wa pwani yetu.

Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Na palipo na hesabu pana mkusanya ushuru. Enzi za masultani wa Unguja ushuru ulidaiwa forodhani. Mtawala alitaka kujua kimetoka kiasi gani, na swali likaishia hapo. Sultani Barghash alipomtuma Mwingereza William Beardall kuuchunguza mto huu mwaka 1880, aliyekuwa akiulizwa habari ni mto: una kina gani, unafika wapi, chombo kinapita? Msitu ulikuwa ukuta wa njia tu.

Wajerumani ndio walioleta karatasi ya kwanza iliyoutaja msitu wenyewe. Mwaka 1898 waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya hifadhi, miongoni mwa misitu ya mwanzo kabisa kufungwa katika koloni lao, wakaweka maofisa wa misitu deltani. Mtu angedhani walikuwa na huruma na miti. Walikuwa na hesabu. Boriti zilikuwa na soko Uarabuni, na magome ya mkoko yalitakiwa na viwanda vya ngozi Ulaya kwa sababu yana dawa ya kulainishia ngozi. Hifadhi maana yake ilikuwa kwamba mwenye mti sasa ni serikali. Mnyagatwa, mwenyeji wa delta, ambaye babu yake alikata nguzo ya nyumba bila kumuuliza mtu isipokuwa wazee wake, akawa mwizi katika ua wake.

Mohoro, upande wa kusini wa delta, ndiko mganga Kinjikitile Ngwale alikonyongewa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Tumezoea kusoma habari za pamba na viboko. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameongeza uzi mwingine: misitu iliyofungwa, ambako watu walizuiwa kukata, kulima na kuwinda, nayo ilikuwa sehemu ya hasira ile. Karatasi inayotolewa bila kumuuliza mkaaji haimalizi ubishi, huuahirisha.

Tulipofika palipopanuka, nahodha alipunguza mashine akanyoosha mkono. “Manowari ya Mjerumani ilijificha sehemu hizi. Babu zetu waliiona.”

Aliisema kama jambo la juzi. Mwaka 1914, meli ya kivita Königsberg, iliyoongozwa na Max Looff, ilitoka mafichoni, tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale bandarini Unguja, kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta kila mahali isipokuwa humu, kwa sababu ramani zao hazikuonyesha kwamba chombo kikubwa hivyo kinaweza kupita mlango wa Rufiji. Wajerumani walikuwa wamepima kina kabla ya vita. Mabaharia walikata matawi ya mikoko wakaivika meli nzima.

Kilichoifichua ni karatasi ya shehena. Oktoba ile, meli ya Kiingereza Chatham iliikamata huko Lindi meli ya Kijerumani iitwayo Präsident, na ndani yake zikapatikana nyaraka za makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale. Kumbe kulikuwa na gati la kupelekea! Tarehe 30 Oktoba mlingoti ukaonekana juu ya vilele vya miti. Waingereza wakazamisha meli ya zamani, Newbridge, kuziba mkono wa mto, lakini maji ya delta hayazibwi kwa kizibo kimoja. Ilibidi zije meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zilizoweza kuelea kwenye kina kidogo, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikazamishwa na wenyewe. Mizinga yake kumi ilivutwa na watu kutoka topeni ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa. Mwili wa meli ulikaa ukionekana kwa miongo kadhaa, kisha tope likaumeza.

Himaya mbili zilishindana humu kwa karibu mwaka mzima juu ya swali moja, kina cha maji. Aliyekijua alijificha, asiyekijua alizuiwa mlangoni. Kila ripoti ya gati inayoandikwa leo huanza na swali hilohilo.

Salale ni kijiji kinachokaa juu ya kipande cha ardhi kilichokubaliana na maji kwa muda. Tulifika jua likiwa limelala upande, watoto wakaja kutupokea kamba. Nilikuwa nimesoma juu ya mahali hapa katika kitabu cha Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr Nejdi katika msimu wa mwaka 1938 na 1939. Walikuja hapa kwa kaskazi wakapakia boriti. Villiers aliichukia delta kwa moyo wote: joto, mbu, homa, mabaharia wakizama topeni hadi kiunoni. Asichokiona sana ni kwamba mateso yale ya majuma machache yalikuwa maisha ya mwaka mzima ya wakataji.

Waingereza, waliorithi koloni la Wajerumani, nao walikuwa wametangaza upya hifadhi ya mikoko, kuanzia mwaka 1928, na kutoa leseni za boriti na magome. Leseni hizo ziliuliza unene wa mti, idadi ya korija na ada. Hazikuuliza samaki watazalia wapi. Kisha mafuta yakatoka Kuwait, nyumba zikajengwa kwa saruji na nondo, na majahazi makubwa yakaacha kuja moja baada ya jingine. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kule Ndundu, hata shehena ya ndani ikahamia kwenye malori ya barabara ya Kilwa. Mto ukabaki na abiria, wavuvi na wakata miti.

Wakati huo swali lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika. Mwaka 1987 serikali ilisimamisha ukataji wa mikoko nchini, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa kwanza wa kuisimamia, ulioandaliwa na Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya baharini wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama huyu aliigawa mikoko katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa mpango, ya kuachwa ipone, na ya maendeleo. Lilionekana jambo dogo la ramani na rangi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema kwamba vipande viwili vya tope vinavyofanana machoni huenda haviwezi kubeba kitu kimoja.

Mtihani ulikuja mapema. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company iliomba kuchimba mabwawa ya kufuga kambamiti ndani ya delta, maelfu ya hekta, mradi wa dola za Marekani milioni 192, mmoja wa mikubwa kabisa ya aina yake duniani. Ungekuja na mifereji, mitambo, viwanda na gati zake. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliupitia mradi, na wataalamu wake wakashauri ukataliwe. Sheria ya mwaka 1983 iliyoliunda Baraza hilo ililipa kazi ya kushauri tu, na Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali mradi.

Sababu za wataalamu zilikuwa za kisayansi, na zinahusu gati kama zinavyohusu bwawa. Tope la mikoko lina madini ya salfa yasiyo na madhara yakiwa chini ya maji. Ukilichimbua likapigwa na hewa, hugeuka asidi, na mvua ikinyesha asidi hiyo huingia mtoni. Ukilirundika juu ya vidole vya mchu, mti hukosa pumzi ukafa umesimama. Ukiujaza ukingo kifusi, unakata maji yanayopanda na kushuka, na mkoko usiopata bamvua ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati. Gati la nguzo huyaacha maji yapite. Gati la kifusi ni bwawa lenye jina jingine.

Watu wa delta hawakuwa na maneno hayo ya maabara. Walikuwa na hoja moja: hatukuulizwa. Waandishi wa habari za mazingira wakaibeba, mawakili wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, wakawasaidia wanakijiji kwenda Mahakama Kuu, na mradi ukakwama mpaka ukafa. Hakuna bwawa lililochimbwa.

Mwaka 2004 ulipofika, Bunge likatunga Sheria ya Mazingira, na tathmini ya athari, ambayo mwaka 1997 ilitegemea hiari, ikawa sharti la kisheria kwa miradi mikubwa. Oktoba mwaka huohuo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, hekta 596,908, likaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Siwezi kusema kwamba sheria ilizaliwa na kambamiti peke yao, kwa kuwa ilikuwa na wazazi wengi. Lakini anayesema karatasi hii ni ya wazungu aje Salale. Pengo ambalo sheria ile ililiziba, la mtaalamu kushauri asisikilizwe na mkaaji kutoulizwa, lilionekana wazi katika matope haya.

Leo, anayetaka kuboresha gati humu hupita milango mingi. NEMC lazima ipate hadidu za rejea, ripoti ya tathmini na kumbukumbu za mikutano ya wadau. Wakala wa Huduma za Misitu ndiye mwenye mikoko. Mamlaka ya Bandari ina gati, Bodi ya Maji ya Bonde ina mto, na kijiji kina ardhi yake na serikali yake. Ni kweli inachosha. Mama anayesubiri boti ya kumpeleka mgonjwa Mafia ana haki ya kuchoka kuliko mfanyabiashara wa mjini. Kuna pia ripoti zinazoandikwa kwa kunakili, ambamo ukibadilisha jina la mto kila kitu kinabaki kilivyo, na mikutano ya wadau ambamo wadau hupewa soda na karatasi ya mahudhurio. Dawa ya hayo ni kuuliza vizuri zaidi. Kuacha kuuliza ni kurudi kwenye korija.

Maana delta yenyewe inahama. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yaliegemea mikono ya kaskazini. Chumvi ikapungua huko, na watu wakafyeka mikoko kulima mpunga palipokuwa pa kaa. Na sasa, juu mtoni, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hushika maji, na hushika pia tope, yaani chakula cha delta. Kina kilichopimwa leo mbele ya gati huenda kisiwe kina cha miaka ishirini ijayo. Looff aliwashinda Waingereza kwa miezi kadhaa kwa sababu alikuwa na vipimo vipya kuliko vyao.

Tuliondoka Salale alfajiri iliyofuata, maji yakiwa yanajaa tena. Nahodha hakutumia taa. Alijua kila fungu lilipolala, na pale ambapo mimi niliona maji wazi yeye alizunguka, bila kueleza. Nilimuuliza kama amewahi kuitwa kwenye mkutano wa mambo ya gati.

“Niliitwa,” akasema. “Waliuliza kama tunataka gati. Tukasema tunataka. Nani asiyetaka?”

“Hawakuuliza kingine?”

“Kama kipi?”

Nyamisati ilitokea mbele yetu ikiwa imejaa pomoni. Uwanja wa matope ulikuwa umekwisha, boti zote zimesimama wima, na chini ya gati maji yalikuwa yakipita katikati ya nguzo kwa sauti ndogo. Nikashuka nikakitafuta kijiti changu. Hakikuwepo, au kilikuwepo chini ya maji yaliyozidi kimo changu. Yule mama wa kambamiti alikuwa ameisogeza meza yake nyuma, mbali zaidi na pale hatua zangu za jana zilipoishia, na mawimbi madogo yalikuwa yakilamba mahali nilipohesabia sitini.

“Leo hupimi?” akauliza.

“Nianzie wapi, mama?”

Akanionyesha mchu mmoja mzee, nyuma kabisa ya vibanda, wenye mstari wa tope mkavu kwenye shina. “Bamvua kubwa hufika pale. Anayejua huanzia pale.”

Nikaandika.